Mzee Abduba Anadai Ndama

Kompyuta ya Swaleha ilikuwa kuukuu, na feni yake ilikuwa na hasira. Ikiwashwa asubuhi, majogoo wa Minjila waliacha kuwika, wakaona kazi yao imechukuliwa. Siku moja mama mmoja alipita njiani na debe la mahindi kichwani. Akasikia ngurumo. Akakata kona, akaingia uani kwa mzee Buya.

"Mnasaga kwa kilo au kwa debe?" akauliza.

Watu wa Minjila wataapa kwamba jambo hilo ni kweli. Wengine wataongeza kwamba alirudi nyumbani na unga. Hapo kwenye unga mimi siapi.

Swaleha alikuwa binti wa mzee Buya na mkewe, Mama Swaleha. Buya alilima mpunga na ndizi kando ya mto Tana. Mkewe aliuza samaki wa kukaanga katika soko la Garsen. Swaleha alikuwa na kibanda barabarani. Hapo alitengeneza simu zilizoanguka majini, na huku kwetu simu zinazoingia mtoni ni nyingi kuliko samaki wanaotoka. Kibanda kilimpa riziki. Lakini kazi aliyoipenda ilikuwa ndani ya ile kompyuta yenye hasira.

Humo alikuwa ameandika programu. Programu ni maagizo ambayo kompyuta au simu huyafuata. Ni kama unapomtuma mtoto dukani, ila kompyuta haili chenji. Hakuna kampuni iliyomwajiri Swaleha kuandika maagizo hayo. Alijifunza mwenyewe, akaandika mwenyewe, akakosea mwenyewe, akarekebisha mwenyewe. Mtu kama huyo ni mtengenezaji programu wa kujitegemea. Programu yake aliipa jina la Mto Unasema.

Mto Unasema ulifanya kazi hivi. Huko juu, Hola, alikaa rafiki yake Swaleha aitwaye Hiribae. Hiribae alisimamisha mti wenye alama mtoni. Kila asubuhi alitazama maji yamefika alama ipi, akaituma alama hiyo kwa simu. Programu ikapiga hesabu. Maji haya yatafika Garsen lini? Golbanti lini? Kau je? Kisha ikatuma meseji kwa watu wote waliojiandikisha, kwa Kiswahili, Kipokomo na Kiorma. Hata kisimu kidogo cha tochi kiliipokea.

Meseji hiyo haikuwa mchezo. Maji ya Tana yakija polepole, mpunga hufurahi na nyasi huota. Yakija ghafla, hubeba mahindi, kuku na mlango wa choo. Mkulima anataka kujua avune lini. Mfugaji anataka kujua awatoe ng'ombe bondeni lini, kabla njia haijageuka ziwa.

Sasa, asubuhi moja Swaleha alikaa na kikombe cha chai mbele yake bila kukigusa.

"Chai inapoa, mwanangu," mama yake akasema.

"Mama, Mto Unasema utanyamaza."

"Umeugua?"

"Sio kuugua. Programu yenyewe haikai ndani ya kompyuta hii. Inakaa kwenye seva. Seva ni kompyuta ya kukodi, iko mbali, haizimwi usiku wala mchana. Kuikodi ni pesa. Kutuma meseji nako ni pesa. Nimekuwa nikilipa kwa pesa za kibanda. Sasa watu wameongezeka, na kibanda ni kile kile. Mwezi huu ukiisha, nitazima."

"Na masika yako mlangoni," mama akasema, akaweka chini sufuria.

Mzee Buya alikuwa akitafuna muhogo. Akameza. "Si kuna yule mtu wa mjini aliyepiga simu? Yule anayetaka kuinunua?"

"Anataka kuinunua, baba, halafu kila meseji watu wakatwe pesa. Na chini ya kila meseji aweke tangazo la kamari."

"Tangazo la namna gani?"

"'Maji yanakuja. Cheza sasa ushinde.'"

Buya akafikiri. "Nicheze nini? Kwamba nitaelea?"

"Ndiyo maana nilikataa."

"Ulikataa vizuri. Basi tufanye mchango, kama watu wengine."

Buya hakuwa mtu wa kuchelewa. Siku hiyo hiyo alifungua kundi la WhatsApp. Aliingiza kila namba iliyokuwa kwenye simu yake, bila kumuuliza mtu. Akaweka picha ya mto umefurika. Chini yake akaandika: TUSAIDIENI NDUGU ZANGU.

Jibu la kwanza lilikuwa picha ya mikono inayoomba dua. La pili pia. La tatu, mikono miwili ya dua na ua. Kisha watu wakaanza kutoka. Fulani ameondoka. Fulani ameondoka. Ilikuwa kama panya kwenye mtumbwi unaovuja. Kufikia adhuhuri kundi lilibaki na Buya, mkewe, Swaleha, na mtu mmoja wa Voi aliyeingizwa kwa kukosewa namba.

Mtu wa Voi akaandika: "Poleni sana. Nani amefariki?"

Akatuma shilingi mia. Ndiye peke yake aliyechanga.

Jioni jirani yao Hamdi alipita kuchukua samaki. Hamdi alifundisha kompyuta katika chuo cha ufundi. Alikuwa mwanamke mwenye maneno ya haraka na kandambili za haraka.

"Dada Hamdi," Swaleha akamwambia, "hata wewe uliondoka kwenye kundi."

"Niliondoka. Sikujua naombwa nini. Nilidhani mzee amezama, nikaona ajabu, mbona mzee mwenyewe ndiye anayeandika."

Buya akacheka mpaka akakohoa.

"Mzee, usicheke," Hamdi akasema. "Hukusema ni kitu gani. Hukusema kinataka kiasi gani. Hukusema pesa zitakwenda wapi na nani atazishika. Mtu hatoi pesa yake gizani. Swaleha, hujasikia habari ya changisho la mtandaoni?"

"Nimesikia. Nilidhani ni la watu wa Ulaya."

"Ni la mwenye simu. Unafungua ukurasa kwenye mtandao. Unaeleza kazi yako. Mtu yeyote, popote alipo, anausoma, na akipenda anatoa alicho nacho. Shilingi hamsini, mia, mia tano. Wengine hutoa kidogo kila mwezi. Ni harambee, ila haina hema, wala mgeni wa heshima wa kuchelewa."

"Na wali?" Buya akauliza.

"Haina wali."

"Basi hiyo harambee ina kasoro."

"Ina faida yake," Hamdi akasema. "Tajiri mmoja akikulipia, kesho atakuamuru. Yule wa kamari amekuonyesha. Lakini watu mia tatu wakitoa kidogo kidogo, hakuna wa kukuamuru. Watengenezaji programu wengi wasio na kampuni wanaishi hivyo. Wanaotumia kazi yao ndio wanaowashika mkono."

Swaleha akavuta kigoda karibu. "Na wanaotoa, wao wanapata nini?"

"Hapo ndipo pa kuangalia. Kuna michango ya namna nyingi. Kuna ya kukopesha, pesa zinarudi. Kuna ya kununua hisa, na hiyo ina sheria zake. Yako ni ya kupeana. Anayetoa hanunui programu. Anaisaidia isimame, yeye aitumie, na jirani yake aitumie. Sema hivyo wazi. Usipoisema leo, kesho utagombana na mtu."

Wakafanya hivyo. Swaleha alipiga video fupi. Alionyesha mti wa Hiribae, akaonyesha meseji ikifika kwenye simu ya tochi. Akaandika seva inalipiwa kiasi gani, meseji kiasi gani, na yeye mwenyewe atabaki na kiasi gani cha kula. Hapo alisita.

"Niandike na chakula changu?" akauliza.

"Andika," Hamdi akasema. "Kwani mtu anayeandika programu hali?"

Wakafungua akaunti ambayo mtu mmoja peke yake hawezi kutoa pesa. Lazima Swaleha, Hamdi na katibu wa kikundi cha wanawake cha Golbanti wakubaliane. Wakaandika pia kwamba pesa zisipotosha, kila mtu atarudishiwa zake. Mwisho wakaandika yale maneno: anayetoa hanunui programu.

Pesa zikaanza kuingia. Mwanzo zilidondoka kama maji ya mtungi wenye ufa. Wavuvi wa Kau wakatoa. Muuguzi mmoja wa Hola akatoa. Kijana aliyeko kazini Qatar akatoa, akaandika: "Mimi niko mbali na mto, lakini mama yangu yuko kando yake." Mama Swaleha aliposomewa maneno hayo alijifanya anapuliza jiko.

Lakini siku zilikwenda haraka kuliko pesa. Wiki mbili zilibaki mwezi uishe, na mchango ulikuwa haujafika hata nusu.

Hapo ndipo mzee Buya alipoamua kusaidia.

Alikwenda mnada wa ng'ombe Garsen. Huko alikuwa na rafiki yake wa miaka mingi, mzee Abduba, Muorma mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Mungu alikuwa amegawa sawasawa, kwa sababu Buya hakuwa na ng'ombe hata mmoja, ila maneno alikuwa nayo tele. Buya ndiye anayesema kwamba aliwahi kumvuta kambare mkubwa hata mto ukapungua, na watu wa Kau wakatuma ujumbe arudishe.

"Abduba, ndugu yangu," Buya akasema, "mtoto wangu anachangiwa. Toa na wewe."

"Natoa. Lakini ni kitu gani hii?"

Buya akatafuta mfano ambao mfugaji ataupenda. Akaupata haraka mno. "Ni kama ng'ombe wa kuazimana."

Macho ya Abduba yakawaka.

Ili uelewe, wafugaji hawa wana desturi nzuri. Mwenye ng'ombe wengi humwachia rafiki yake ng'ombe mmoja. Rafiki humkama, na watoto wake wakanywa maziwa. Lakini ng'ombe hubaki kuwa wa mwenyewe. Akizaa, ndama ni wa mwenyewe pia. Hakuna anayeandika, na hakuna anayesahau.

"Ng'ombe wa kuazimana," Abduba akarudia.

"Kabisa. Unaitoa pesa yako, inakaa kwa Swaleha, inazaa."

Abduba akageuka. Akauza mtamba mwekundu aliyenona, papo hapo. Kabla jua halijazama pesa yote ilikuwa imefika kwa simu.

Nyumbani kwa Buya palikuwa na sherehe. Ule mstari wa ukurasani unaoonyesha mchango umefika wapi uliruka kama chura. Ulikuwa karibu kugusa mwisho. Mama Swaleha akapiga kigelegele. Buya akacheza hadi jirani akaja kuuliza kama ni harusi. Feni ya kompyuta nayo ikanguruma, ikawa kama ngoma.

Siku ya tatu mzee Abduba akaja Minjila. Alikuja na mkewe, Gumato. Alivaa kikoi safi na alishika fimbo yake ya siku kubwa. Wakakaribishwa chai. Walikunywa taratibu, wakauliza habari za mvua, za mpunga, za afya. Kisha Abduba akaweka kikombe chini.

"Nimekuja kuona ndama yangu," akasema.

"Ndama gani, baba?" Swaleha akauliza.

"Ng'ombe nilitoa. Kubwa kuliko watu yote. Sasa ndama ni hii: maji ikitaka kuja, niambie mimi kwanza. Siku moja mbele. Nyasi ikiota baada ya maji, niambie mimi kwanza. Watu wengine waambie baadaye."

Mama Swaleha akaacha kumimina chai. Hata kompyuta ilionekana inasikiliza.

"Mzee," Swaleha akasema, "meseji inakwenda kwa wote dakika moja. Mkulima na mfugaji. Minjila na Kau."

"Wao wametoa ng'ombe?"

"Wengine wametoa hamsini. Wengine hawajatoa kitu."

"Basi."

Hamdi, aliyekuwa ameitwa kunywa chai, akasogea. "Mzee, kwenye ukurasa tumeandika wazi. Anayetoa hanunui programu."

"Umeandika vizuri sana, mwalimu," Abduba akasema kwa upole. "Mimi sisomi."

"Mimi nasoma kidogo," Gumato akasema. "Nilienda darasa la watu wazima. Meseji ya mto, mimi ndiyo namsomea. Lakini simu yetu ni ya tochi. Hiyo ukurasa haiingii."

Hamdi akamgeukia Gumato. "Hilo ni kosa letu," akasema. "Tuliandika. Hatukuwaambia."

Wote wakamtazama Buya. Buya alikuwa ameanza kuzichunguza kandambili zake kama mtu aliyeambiwa atauziwa.

"Baba," Swaleha akasema, "ulimwambia nini mzee Abduba?"

"Nilitafuta mfano."

"Mfano gani?"

"Mfano uliokaribia."

Swaleha akasimama. Alikwenda hadi kwenye migomba, akarudi. Alijua mambo mawili. Pesa ya mtamba ikiondoka, Mto Unasema utanyamaza masika yakiingia. Na kama akimwambia mtu mmoja kabla ya wengine, kuna siku jirani atalala shambani bila habari, na maji yatamkuta.

"Mzee Abduba," akasema, "ulitoa kwa sababu uliambiwa sivyo. Pesa yako nitairudisha leo."

"Mwanangu, ngoja kidogo," Buya akanong'ona. "Siku moja mbele si nyingi."

"Baba, maji hayahesabu siku kama sisi."

Hamdi akapiga simu Golbanti. Wote watatu wakakubali. Simu ya tochi ya Abduba ikalia mfukoni mwake, pesa ikarudi yote. Swaleha akaandika ukurasani: "Leo tumemrudishia mchangiaji mmoja pesa yake, kwa kuwa hatukumweleza vizuri. Sasa tumebakiwa na pengo kubwa." Ule mstari uliokuwa umeruka kama chura ukarudi nyuma kama kaa.

Abduba hakutarajia hivyo. Alishika simu kama mtu aliyerudishiwa zawadi. Hakufurahi wala hakukasirika.

Ndipo Gumato alipoanza kucheka. Alicheka ndani ya shungi lake, mabega yakitikisika.

"Unacheka nini?" mumewe akamuuliza.

"Nacheka ndama. Wewe msichana, hiyo simu yako inashika sauti?"

"Inarekodi, ndiyo, mama."

"Lete. Watu yangu hawasomi ukurasa. Lakini masikio wanayo."

Swaleha akamshikia simu. Gumato akasafisha koo, akasema kwa Kiorma. Na Kiorma chake hakikutafuta maneno. Alisema hivi:

"Watu wangu, mimi ni Gumato, mke wa Abduba. Nisikilizeni. Pale Minjila kuna msichana anayelinda mto. Huu mchango wake si ng'ombe wa kuazimana. Ng'ombe wakilala, si kuna kijana anakesha zizini? Akiona simba, anapiga kelele. Je, anamwita kwanza mwenye ng'ombe wengi, kisha anakaa, kisha anamwita maskini? Kelele ni kelele. Inamwamsha kila mtu. Na kijana huyo tunampa maziwa, kila nyumba kibuyu kidogo, ili koo lisikauke. Mmewahi kumdai ndama kwa maziwa hayo?"

Hapo sauti ya Abduba ikaingia kwa nyuma, nayo ikarekodiwa: "Na ndama yangu?"

"Nyamaza, mzee, watu wanasikiliza," Gumato akasema, akaendelea. "Basi tumpe huyu msichana maziwa ya koo. Kidogo tu, kila nyumba. Mkituma, tazameni jina linalotokea kwenye simu kabla ya kubonyeza. Likija jina lingine, acheni. Na mtu akiwauliza namba ya siri, huyo ni mwizi, hata kama Kiorma chake kinapita changu."

Sauti hiyo ilitoka Minjila kwa simu ya Swaleha saa tisa mchana. Nasema ilitoka, kwa maana haikurudi. Ilipita Garsen, ikaingia mabondeni, ikavuka mto bila mtumbwi. Vijana waliicheza wakichunga. Wazee waliomba irudiwe. Inasemekana kuna fahali mmoja kule bondeni aliyekataa kunywa maji mpaka aisikie. Huyo fahali sijamwona, lakini nimemwona mfugaji wake, na hakukanusha.

Watu walipenda maneno ya Gumato. Lakini walichokipenda zaidi ni ile sauti ya nyuma. Kuanzia siku hiyo, mzee Abduba hakuweza kupita mahali. Mnadani walimsalimu, "Mzee, ndama hajambo?" Msikitini, baada ya sala, mtu alimpa mkono akamuuliza kwa upole, "Ameshaanza kula majani?" Hata muuza miraa alimwonyesha mbuzi wa mtu: "Au ni huyu?"

Abduba alishika fimbo yake, akapita. Alikuwa na ng'ombe wengi na maneno machache.

Pesa nazo zikaingia. Hamsini ya nyumba hii, sabini ya nyumba ile. Wakulima wa Golbanti walipoona wafugaji wanatoa, wakaona aibu kuachwa, wakatoa. Hamdi akamwita mwanafunzi wake wa Kipokomo, naye akarekodi maelezo yale yale kwa Kipokomo, ili asiwepo mtu wa kusema hakuambiwa. Mtu wa Voi, ambaye bado alikuwa kwenye kundi la Buya kwa sababu hakujua kutoka, akaandika: "Kumbe hakuna msiba? Basi naongeza mia." Baadaye akajiandikisha kutoa kila mwezi. Na huko Voi mto Tana haufiki hata ukifurika.

Siku tatu kabla ya mwezi kuisha, mstari ukagusa mwisho. Safari hii haukuruka. Ulitambaa kama konokono, ukafika. Na haukurudi nyuma, kwa sababu hapakuwa na mtu mmoja ambaye akitoka utaanguka.

Swaleha alilipia seva. Alilipia meseji. Na kwa mara ya kwanza alijilipa chakula chake, akamnunulia mama yake sufuria.

Masika yakaja. Mvua ya bara ilinyesha usiku na mchana huko milimani, na asubuhi moja Hiribae alipiga simu badala ya kutuma namba.

"Swaleha, alama ya juu imezama. Mti wangu wenyewe nauona kichwa tu."

Kompyuta ikanguruma. Meseji ikaondoka, yote kwa dakika moja, kwa lugha zote tatu. Buya alikuwa shambani, simu ikalia mfukoni. Kau wavuvi walikuwa wakishona nyavu, simu zikalia. Kule bondeni simu ya tochi ya Abduba ikalia, Gumato akaisoma kwa sauti. Abduba hakuuliza nani ameambiwa kwanza. Alisimama, akachukua fimbo.

Njiani kwenda nchi ya juu alikutana na jirani zake wakiwa na ng'ombe wao, wote wamepata habari wakati mmoja. Kwenye kivuko walipanga zamu. Ndama wadogo wa kila mtu walitangulia, na vijana wa Abduba wakawasukuma ndama wa wenzao pamoja na wao. Wakulima walivuna walichoweza kuvuna, wakapandisha kuku juu ya dari na bibi juu ya trekta. Maji yalipofika Minjila yalikuta mashamba, lakini hayakukuta watu. Mlango wa choo cha Buya uliondoka kama kawaida yake. Ulionekana Kau, na inasemekana ulifika ukiwa umefungwa kwa ndani.

Maji yaliposhuka, mzee Abduba akaja Minjila. Gumato alikuwa nyuma yake. Mkononi alishika kamba, na kwenye kamba palikuwa na ndama jike, mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso.

Buya akatoka uani. "Abduba, hiyo nini?"

"Kila siku watu wananiuliza habari ya ndama," Abduba akasema. "Nimechoka. Sasa wakiniuliza, nitasema iko Minjila."

Swaleha akapiga magoti mbele ya ndama, akamgusa sikio. "Mzee, huyu ni wa kuazimana?"

Abduba akamtazama mkewe. Gumato akatazama juu, kwenye mnazi, kama mtu ambaye hayumo.

"Ni wa kupewa," Abduba akasema. "Akizaa, msinipigie simu."

"Na kama tukikupigia?" Buya akauliza.

"Nitasema namba siyo."

Wakacheka wote. Mama Swaleha akaleta chai, na safari hii ilinywewa ingali moto. Ndama akatumia nafasi hiyo kula mche mmoja wa mgomba wa Buya, na hakuna aliyemzuia.

Abduba akatoa simu ya tochi kwenye kikoi. "Ile maziwa ya koo," akamwambia Swaleha, "nyumba yangu haijatoa."

"Toa unachotaka, mzee."

"Wengine wametoa ngapi?"

"Hamsini, sabini."

Akatazama jina lililotokea kwenye simu, Gumato akalisoma, akathibitisha. Abduba akatuma hamsini. Kisha akawa anatuma hamsini kila mwezi, hakosi, na hadi leo hajauliza kitu.

Jioni ile Swaleha akaandika taarifa kwenye ukurasa, kama alivyoahidi kufanya kila mwezi. Akaandika pesa zilizoingia na zilizotoka. Akaandika kwamba salio litalipia msimu wa vuli. Akaweka picha ya ndama, akasema ameingia kwenye mchango na hajui amwandike wapi. Hamdi alisoma taarifa yote, akasema iko sawa.

"Bado jambo moja," Swaleha akasema.

Akaandika mstari wa mwisho:

"Na kwa ndugu yetu wa Voi, aliyetuuliza siku ya kwanza ni nani amefariki: maji yamekuja, yamepita, tumehesabu nyumba zote hadi Kau. Hakuna."